Nusu ya Njia

Somoe, nimechukua uzi mweusi
uliobaki nilipokuwa nashona sare,
nikaulaza juu ya ramani ya ofisini
kutoka Newala hadi Kilwa Masoko,
nikiufuatisha kila kona ya barabara kwa ukucha.
Kisha nikaukunja katikati.
Kunjo likaangukia Mnazi Mmoja.

Ndiyo, pale pale, njia panda ya Mingoyo,
ambapo basi husimama dakika kumi
watu wakajisaidie, wanunue ming'oko, wapande tena.
Sijamsikia mtu akisema
wikiendi hii naenda kupumzika Mnazi Mmoja.

Ukasema nusu haipimwi kwa uzi.
Ipimwe kwa nauli, maana wewe unapanda mara mbili,
Nangurukuru unashuka, unasubiri,
unasimama wima hadi Lindi.
Nikasema ipimwe kwa mgongo:
mimi nateremka mlima na gunia la korosho miguuni
na kondakta anayeniita bibi,
na arobaini na mbili sijatimiza.
Tukabishana siku tatu kwa ujumbe wa sauti,
wako una jogoo ndani yake,
wangu una kengele ya shule.

Hapo ukaitaja Ndanda.
Unataka mlima, maji yanayoporomoka kwenye mawe,
unataka usiku mmoja tu wa kuomba blanketi,
kwa sababu bahari, ulisema, umeichoka,
imeila baiskeli yako mpaka imebaki kengele.
Nami nilikuwa naitaka Lindi.
Huku juu ndoo ya maji tunaihesabia shilingi.
Nataka kusimama mpaka kiunoni
kwenye maji ambayo hakuna mtu anayeyauza.

Tutazame tulivyo, shoga yangu.
Ndanda iko upande wangu. Lindi iko upande wako.
Kila mmoja analilia kilichoanikwa uani kwa mwenzake
na bado hakuna aliyetamka neno jepesi kuliko yote:
njoo kwangu.

Mimi najua kwa nini sikulidai.
Mwezi wa saba, mama yako alipozikwa,
nilikuwa nasahihisha mitihani.
Nilituma elfu hamsini na pole yenye maneno tisa.
Niliyahesabu baadaye.
Mama yule yule
aliyekuwa akitutumia samaki wakavu chuoni Mtwara,
wewe kitanda cha juu, mimi cha chini,
vifurushi viwili vya gazeti vilivyolingana hadi mikia:
nusu ya Somoe, nusu ya Skola,
ili watoto wa watu wasigombane.

Kaburi lake, uliniambia, linaonekana kutoka jikoni kwako.
Nusu ya njia ni mahali pazuri
kwa mtu anayeogopa dirisha la jikoni.

Hukunilaumu. Ulisema tu,
"Basi Mnazi Mmoja, Skola, tusije tukazeeka tunapima."

Nimepiga simu gesti. Vitanda viwili, feni moja.
Mwenye nyumba akauliza, "Mkitoka hapa mnaelekea wapi?"
Nikamwambia tunakuja hapo hapo.
Akanyamaza kama aliyesikia vibaya,
kisha akasema kesho ataupaka mlango rangi.

Ijumaa, basi. Nitaleta korosho mbichi tuzikaange wenyewe,
tuungue vidole kama zamani.
Wewe usilete kitu. Lete yale maneno
uliyoshindwa kuyatia kwenye simu kwa ajili ya jogoo.
Tutakaa kibarazani tukiwatazama wasafiri
wanaotushangaa kwamba hatupandi.

Na Jumapili, mabasi yatakapokuwa yamesimama,
moja limeelekea Masasi, jingine kaskazini,
usiharakishe kuniaga.
Kwenye begi, chini ya taulo,
nimekunja kanga ya msibani,
na mwalimu mkuu amenipa ruhusa hadi Jumatano.